John Akii-Bua na Walimu Wake: Bingwa Huzaliwa au Hufunzwa?

Katika Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, pana mahali paitwapo Sekenke, penye mlima ambao barabara itokayo Singida huuteremka kwa kona kali kabla ya kufikia mbuga ya Wembere na kuendelea hadi Igunga na Nzega. Jina la Sekenke limeingia katika historia kwa sababu ya dhahabu. Wajerumani waliichimba huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916, walipokuwa wamebanwa na vita na kuishiwa na fedha, dhahabu ya Sekenke ilifuliwa huko Tabora ikawa sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Mchimbaji yeyote anajua kwamba jiwe lenye dhahabu na jiwe lisilo na dhahabu huweza kufanana machoni pa mpita njia. Hutofautiana mbele ya mtu aliyejifunza kutazama, na hata huyo hana budi kuponda, kuosha na kusubiri.

Tumeanza na dhahabu kwa sababu mashabiki wa michezo, Sekenke kama kwingineko, hupenda kubishania jambo linalofanana na hilo. Kijana fulani akicheza vizuri, wapo wasemao kwamba amezaliwa hivyo, na wapo wasemao kwamba kocha wake ndiye aliyemfanya. Msimu ufuatao akilegea, ubishi hugeuka: hawa humlaumu kijana kwa uvivu, wale humlaumu kocha kwa kumchezesha mahali pasipo pake, na wengine huwalaumu viongozi. Ubishi huo ni wa mashabiki, lakini swali lililomo ndani yake ni la mwalimu. Kila siku mwalimu wa shule ya msingi huamua, kwa kujua au bila kujua, ni mtoto yupi mwenye kipaji na ni yupi asiye nacho.

Makala haya yanalitazama swali hilo kwa kuyafuata maisha ya John Akii-Bua wa Uganda, Mwafrika wa Mashariki aliyeshinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1972, na ambaye alifariki mwaka 1997. Tutamtazama yeye, kisha tutawatazama waliomfundisha.

Utoto wa mchunga ng'ombe

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane na watoto 43. Katika nyumba yenye watoto wengi kiasi hicho, hakuna mtoto awezaye kutegemea kwamba macho ya mzazi yatamwangalia yeye peke yake. Kama watoto wengine wa nchi ile, Akii-Bua alichunga ng'ombe wa baba yake, akatembea na kukimbia porini tangu asubuhi hadi jioni.

Masomo yake hayakwenda mbali. Aliacha shule mapema, akafanya kazi katika baa ya ndugu zake, kisha akaenda Kampala kujiunga na Jeshi la Polisi. Mwalimu mwanafunzi na aitafakari hatua hii. Kwa hesabu za daftari la mahudhurio, huyu alikuwa mmoja wa watoto wanaofutwa jina na kusahauliwa. Miaka michache baadaye wimbo wa taifa lake ulipigwa mbele ya ulimwengu kwa ajili yake.

Mwalimu wa kwanza: Jerom Ochana

Katika polisi Akii-Bua alikutana na Jerom Ochana, ambaye mwenyewe alikuwa mrukaji hodari wa viunzi na aliyeijua kazi hiyo kwa mwili wake. Ili tuelewe alichofundisha Ochana, yafaa tueleze kwanza mbio zenyewe. Viunzi ni vizuizi vya mbao na chuma vinavyopangwa njiani, na mkimbiaji huviruka bila kusimama. Katika mbio za mita 110 viunzi vya wanaume huwa na urefu wa sentimita 106.7, yaani hupita kiuno cha watu wengi. Kosa la mwanafunzi mgeni ni kuruka juu kama mtu arukaye ukuta. Muda anaokaa hewani ni muda anaoupoteza, kwa kuwa mtu husukuma mwili wake mbele wakati mguu uko chini tu. Mrukaji mzuri hukipita kiunzi karibu sana, kifua kikiwa kimeinama.

Ochana alifundisha jambo hilo kwa njia kali. Aliweka ufito juu ya kiunzi, akaacha nafasi ndogo katikati, na Akii-Bua akatakiwa apite katika nafasi hiyo. Akiinuka mno, paji la uso liligonga ufito. Damu ilimtoka, na kovu lake alilibeba utu uzima wake wote.

Msomaji atauliza kama njia hiyo ni ya kufuatwa. Katika shule zetu hairuhusiwi, wala haifai: mtoto aumizwaye hujifunza kuogopa somo kabla hajajifunza somo lenyewe. Hata hivyo, ndani ya ukali huo mlikuwa na kanuni moja ya ufundishaji iliyo sahihi. Kosa lilionekana papo hapo, na mwanafunzi alilitambua bila kungoja mwalimu aseme. Kanuni hiyo yaweza kutumiwa bila damu. Kamba laini iliyofungwa kwa uzi mwepesi, ambayo hukatika ikiguswa, humfundisha mtoto jambo lile lile.

Chini ya Ochana, Akii-Bua alikuwa mkimbiaji wa mita 110 za viunzi. Alijitahidi, akawa miongoni mwa wazuri nchini kwake, lakini hakufikia kiwango cha kupelekwa kwenye Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968. Laiti hadithi ingeishia hapo, mashabiki wangesema kwamba kipaji chake kilikuwa cha kadiri tu, na hakuna ambaye angewabishia.

Mwalimu wa pili: Malcolm Arnold

Mwaka 1968 alifika Uganda Mwingereza kijana wa miaka 28, Malcolm Arnold, kuwa mwalimu wa timu ya taifa ya riadha. Wakati huo hakuwa na jina kubwa. Alimtazama Akii-Bua, na jambo aliloamua ndilo kiini cha makala haya: alimhamisha kutoka mita 110 akampeleka kwenye mita 400 za viunzi.

Mbio hizi mbili hufanana kwa jina, lakini madai yake ni tofauti. Mita 110 hutaka kasi kali ya muda mfupi. Mita 400 zina viunzi kumi, kila kimoja sentimita 91.4. Kutoka mwanzo hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45, kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35, na baada ya kiunzi cha kumi zimebaki mita 40. Mkimbiaji hulizunguka duara zima la uwanja, akiwa amechoka, na bado lazima afike mbele ya kila kiunzi akiwa na hatua iliyopimwa sawasawa. Mbio hizo hutaka nguvu, pumzi, na akili ya kuhesabu wakati mwili unapiga kelele usimame. Akii-Bua alikuwa mrefu, mwenye pumzi na uvumilivu. Alikuwa amewekwa katika somo lisilo lake.

Matunda hayakuonekana mara moja. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh mwaka 1970, Akii-Bua alikuwa wa nne kwa muda wa sekunde 51 na ushee. Nafasi ya nne haina medali. Wapo walimu ambao kwa matokeo hayo wangemrudisha alikotoka au wangemwacha. Arnold aliyasoma matokeo yale kwa namna nyingine. Aliona kwamba mtu aliyeshika nafasi ya nne katika mbio ngeni kwake bado ana njia ndefu ya kukua.

Mazoezi yaliyofuata yalikuwa magumu. Akii-Bua alikimbia akiwa amevaa fulana iliyoshonewa vipande vya risasi vyenye uzito wa kilo 11 hivi. Alikimbia vilimani. Aliruka viunzi virefu kuliko vile vya mbio zake, kusudi siku ya mashindano viunzi vya kawaida vionekane vifupi. Pia alijifunza kutangulia kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Jambo hili linahitaji maelezo. Mkimbiaji anayeweza kutangulia kwa mguu mmoja tu hulazimika kupiga hatua za idadi isiyogawanyika kwa mbili kati ya viunzi, tuseme 13. Akichoka, hatua zake hufupika, na huruka kutoka 13 hadi 15, akipoteza kasi. Anayeweza kutumia miguu yote miwili aweza kupiga 14. Hapo hesabu ya darasani imeingia uwanjani, na tofauti ya hatua moja yaweza kuwa tofauti ya medali.

Mwezi Julai 1971, katika mashindano ya Afrika na Marekani huko Durham, North Carolina, Akii-Bua alishinda kwa sekunde 49.0, muda ulio bora kuliko wote duniani mwaka ule.

Siku ya Munich

Fainali ya Olimpiki ilikimbiwa Munich tarehe 2 Septemba 1972. Miongoni mwa wakimbiaji alikuwapo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, pamoja na Ralph Mann wa Marekani. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji wengi huichukia kwa sababu kona zake ni kali kuliko zote, na mtu mrefu hupata taabu kuzifuata. Lakini kwa mtu aliyefundishwa kuruka kwa mguu wowote, kona haikuwa adui mkubwa kama ilivyokuwa kwa wengine.

Hemery alianza kwa kasi kubwa. Akii-Bua alimfuata bila kubabaika, akamfikia katika kona ya mwisho, na katika mita zilizobaki akamwacha. Alimaliza kwa sekunde 47.82. Mann alikuwa wa pili kwa 48.51 na Hemery wa tatu kwa 48.52. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla ya siku hiyo. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda, na ikabaki peke yake kwa miaka 40, hadi Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni huko London mwaka 2012. Akii-Bua hakusimama kwenye mstari wa mwisho. Aliendelea kukimbia kuuzunguka uwanja kwa furaha, na watu wakamshangilia.

Ubishi wa mashabiki

Baada ya Munich ubishi ulizuka, na haujaisha. Kundi la kwanza lilidai kwamba ushindi ule ulikuwa kipaji cha asili: mtoto wa machungani, mrefu, mwenye miguu ya swala. Maneno hayo huonekana kuwa ya sifa, lakini yanamnyang'anya mtu kazi yake. Katika miaka miwili, kutoka Edinburgh hadi Munich, Akii-Bua alipunguza zaidi ya sekunde tatu. Sekunde hizo hakuzirithi Abako. Alizipata mlimani, akiwa amebeba kilo 11 za risasi.

Kundi la pili lilisema kwamba sifa yote ni ya Arnold. Lina ushahidi mzuri. Baadaye Arnold aliwafundisha Mark McKoy wa Kanada, bingwa wa Olimpiki wa mita 110 za viunzi mwaka 1992, Colin Jackson, aliyeweka rekodi ya dunia ya mbio hizo kwa sekunde 12.91 mwaka 1993, na Dai Greene, bingwa wa dunia wa mita 400 za viunzi mwaka 2011. Mwalimu wa namna hiyo hakubahatisha. Lakini Arnold huyo huyo alikuwa na timu nzima ya Uganda mikononi mwake, na mafunzo yale hayakumtoa Akii-Bua wa pili. Isitoshe, kundi hili humsahau Ochana, ambaye alimfundisha kijana kupita kiunzi kwa karibu kabla Arnold hajafika. Mwalimu wa darasa la saba apongezwapo kwa mtihani mzuri, na amkumbuke aliyefundisha darasa la kwanza.

Kundi la tatu hubishania yaliyofuata. Mwezi Januari 1973 Akii-Bua alishinda tena katika Michezo ya Afrika huko Lagos, michezo ile ile ambayo Filbert Bayi wa Tanzania alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1,500. Lakini muda wa 47.82 hakuupunguza tena maishani mwake. Kwa nini? Hapa ndipo maisha ya mwanafunzi yanapotoka mikononi mwa mwalimu.

Miaka ya dhiki

Arnold alirudi Uingereza. Uganda ilikuwa chini ya utawala wa Idi Amin, aliyempandisha Akii-Bua cheo katika polisi na kumzawadia nyumba, huku askari na raia wengi wa kabila lake la Walango wakiuawa. Bingwa aliishi akitukuzwa na watu ambao ndugu zake waliwakimbia. Mwaka 1976 alitazamiwa kushindana na Mmarekani Edwin Moses katika Olimpiki ya Montreal. Nchi za Afrika ziliisusia michezo hiyo kwa sababu ya ziara ya timu ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini, na Uganda ikawa miongoni mwao. Moses alishinda na kuivunja rekodi ya Akii-Bua, akipiga hatua 13 kati ya viunzi vyote. Mashabiki hadi leo hubishana nani angeshinda, na jibu halitapatikana.

Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalipokaribia Kampala, Akii-Bua alikimbilia Kenya pamoja na familia yake. Alikuwa Mlango, kwa hiyo aliwaogopa watu wa Amin. Alikuwa afisa aliyezawadiwa na Amin, kwa hiyo aliwaogopa pia waliokuwa wakija. Huko Kenya aliwekwa katika kambi ya wakimbizi. Mkewe alijifungua kabla ya wakati, na mtoto akafa. Kampuni ya viatu vya michezo ya Puma ilimsaidia kutoka, ikampeleka Ujerumani na kumpa kazi. Mwaka 1980 aliiwakilisha Uganda huko Moscow, akaishia nusu fainali. Baadaye alirudi nyumbani, akawa mwalimu wa riadha. Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47. Mkewe alikuwa amemtangulia, na aliacha watoto 11. Taifa lilimzika kwa heshima za serikali, na uwanja wa michezo mjini Lira ukaitwa kwa jina lake.

Mafunzo kwa mwalimu

Maisha haya yanatuonyesha kwamba swali la mashabiki limeulizwa vibaya. Kipaji na mafunzo si mizani miwili ya kupimana. Kipaji cha Akii-Bua hakikuonekana mpaka alipopatikana mtu wa kukitafutia mahali pake. Kwa hiyo mwalimu na ajiulize kwanza kama somo, zoezi au nafasi aliyompa mtoto ndiyo inayomfaa, kabla hajasema kwamba mtoto hana uwezo. Mtoto aliye wa mwisho katika mita 100 huenda hajawahi kujaribiwa katika mita 800. Mtoto asiyejua kujibu kwa mdomo huenda ni hodari wa kuchora ramani.

Pili, nafasi ya nne isisomwe kama hukumu. Mwalimu anayeweka kumbukumbu za kila mwezi huona anayepanda, hata kama bado yuko nyuma.

Tatu, mafunzo yanaweza kuandaliwa kwa vifaa vya mahali. Chukua mfano wa shule iliyo chini ya mlima Sekenke. Mteremko upo, lakini barabara kuu ina malori, kwa hiyo wanafunzi wasipelekwe huko. Watafutiwe kilima kidogo kilicho mbali na magari. Viunzi vitengenezwe kwa matofali mawili na kijiti kilicholazwa juu bila kufungwa, kisizidi goti la mtoto, ili kikiguswa kianguke bila kumdhuru. Wanafunzi wa darasa la tano wapime nafasi kati ya viunzi kwa kamba, wahesabu hatua zao, waandike katika madaftari, na wajaribu kutangulia kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Somo hilo moja lina michezo, hesabu na uandishi. Mwalimu asimame pembeni na kutazama. Asiwe na haraka ya kutaja mshindi.

Nne, mwalimu na ajue mpaka wa kazi yake. Ochana na Arnold hawakuweza kumwepusha Akii-Bua na utawala mbaya, vita wala kambi ya wakimbizi. Waliloweza kumpa ni ustadi ambao hakuna aliyeweza kumpokonya, na kwa ustadi huo alipata mkate ugenini na kazi ya kuwafundisha wengine aliporudi.

Maswali ya kujadiliana

1. Ochana alitumia maumivu kuonyesha kosa. Pendekeza njia mbili za kumwonyesha mtoto kosa papo hapo bila kumuumiza, moja katika michezo na moja katika hesabu.

2. Eleza kwa mchoro kwa nini mkimbiaji anayetumia mguu mmoja hulazimika kupiga hatua 13 au 15, wala si 14.

3. Katika mazoezi yako ya kufundisha, chagua mtoto mmoja anayesemwa kuwa hana kipaji. Mjaribu katika kazi tatu tofauti kwa muda wa majuma manne, uandike unayoyaona, kisha uyalete darasani.